Siku Mama Mkwe Aliposimama Botini

Ijumaa ya tarehe kumi na mbili Desemba, mwaka wa 1969, Sikukuu ya Jamhuri, ndiyo siku mambo ya Ratemo yalipoharibika. Asubuhi yake alikuwa bado mtu mwenye mke. Alisimama ukingoni mwa Mto Gucha, chini ya Nyamarambe, kavaa suruali yake moja nzuri, na Nyanchera alikuwa anamfuta vumbi masikioni kwa ncha ya leso.

"Hata leo, Ratemo? Hata siku ya kuonana na mama yangu unakuja na mawe masikioni?"

"Nimeoga."

"Umeogea wapi, ndani ya shimo?"

Ratemo alicheka. Kazi yake ilikuwa kuchimba lile jiwe laini la Tabaka na kuchonga bakuli na vinara vya mishumaa. Vumbi la jiwe hilo ni jeupe kama unga na halitoki mwilini kwa sabuni ya kawaida. Nyanchera alilizoea. Alisema harufu yake ndiyo iliyomtoa kwao.

"Mama yako atakaa wapi botini?"

"Mbele kabisa. Wewe nyuma kabisa. Mimi nakaa katikati kama ukuta. Nimeshasema na Odero, mwenye kasia."

"Na akikataa kupanda?"

"Mtu anayekataa havai kilemba kipya. Mwangalie pale."

Mama Bitutu alikuwa amesimama kando peke yake, kilemba cheupe kichwani, mgongo wima. Hakumtazama Ratemo, na Ratemo hakumtazama. Kwetu Kisii ndivyo inavyotakiwa. Mama mkwe na mkwe hawagusani, hawakai ubao mmoja, hawaangaliani usoni. Tunaita ensoni. Wageni wakiona wanadhani ni chuki, kumbe ni heshima.

Lakini kwa hawa wawili palikuwa pia na jambo lingine. Bitutu alikuwa mjane, Msabato wa kweli kweli. Ratemo alikuwa Mkatoliki. Nyanchera alipomfuata Ratemo bila ruhusa, mama alifunga mdomo. Ratemo alipeleka ng'ombe wa mahari, wakarudishwa langoni. Akapeleka tena, wakarudishwa tena. Miaka mitano ikapita hivyo. Mtoto hawakupata. Na kwa desturi yetu mwanamke ambaye ng'ombe zake hawajapokelewa ni wa kwao bado. Hata akifa, watu wa kwao wana haki ya kuja kumchukua, na mwanamume abaki ameshika kofia.

Hilo lilimkosesha Nyanchera usingizi. Kila alipokwenda kwa mama yake kulizungumza, Bitutu aliinuka akaingia jikoni. Basi diwani Mogaka alipotangaza kwamba ameleta boti kutoka ziwani kwa lori, ili siku ya Jamhuri wananchi watembezwe taratibu kwenye korongo la mto na kuona uzuri wa nchi yao, Nyanchera alipiga makofi.

"Ratemo, botini hakuna jikoni! Ataingia wapi?"

Wakapanda. Mwenye kasia alikuwa Odero, mtu wa ziwani, mpole, kofia ya majani kichwani.

"Boti yangu ni ya watu sita na mimi nikiwemo," alisema. "Leo tuko wanne. Mtakaa kama mabwana."

"Jua lisinizamie njiani, baba," Bitutu alimwambia. "Leo ni Ijumaa. Sabato ikiingia niwe nyumbani kwangu."

"Mama, tunashuka polepole tu. Jua litazama umeshapika."

Boti ikaingia korongoni. Wallahi, palikuwa pazuri, hata aliyeumia siku ile hawezi kukataa. Kuta za mawe zilipanda pande zote mbili, zimeota majani yanayoning'inia kama nywele, na juu kabisa ungeona migomba ya watu imechungulia. Ndege mweusi mwenye shingo ndefu alikaa juu ya jiwe, akikausha mabawa yake. Maji yalikuwa mekundu kwa mvua iliyonyesha kule juu Nyamira, lakini yalikwenda kimya. Odero alikuwa anagusa maji tu kwa kasia, mara moja moja.

"Mama, umeona?" Nyanchera aliuliza.

"Nimeona. Mungu alifanya kazi."

"Na hawa Wakatoliki pia aliwafanya yeye."

Odero alikohoa kuficha kicheko. Ratemo, huko nyuma, alitazama maji.

"Nyanchera, usianze."

"Naanza, mama. Leo huna pa kwenda. Miaka mitano nimelala kwa mtu huyu. Hajanipiga. Hajaninyima. Jumamosi ananiachia niende kanisani kwangu, na chai ananiwekea motoni nikirudi. Ng'ombe zake mbona hutaki?"

Bitutu alitia mkono majini, akauacha ukivutwa na mkondo.

"Chai anaweka mwenyewe?" aliuliza baadaye.

"Mwenyewe. Mbaya sana, lakini anaweka."

Bitutu alitabasamu. Ratemo hakuona, ila aliona bega la mke wake limelegea, akajua kuna kitu kimetokea huko mbele.

"Mama, nijibu basi. Utazipokea?"

"Acha nitazame maji kwanza. Tukifika nitakujibu."

Nyanchera aligeuka akamkonyeza mume wake. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshinda. Ratemo anaubeba uso huo mpaka leo.

Walipokaribia katikati ya korongo, sauti iliita kutoka ukingoni.

"We Odero! Leta hiyo boti hapa!"

Alikuwa Mheshimiwa Mogaka, diwani wetu, juu ya jiwe bapa. Suti nyeusi, bendera ndogo kifuani. Alikuwa na wageni wanne wa mjini, viatu vyao vimejaa matope, mmoja amening'iniza kamera shingoni. Walikuwa wametembea kwa njia ya miguu wakachoka.

"Mheshimiwa, nina watu," Odero alisema. "Nitawashusha, nirudi kuwachukua."

"Turudiwe sisi? Wageni wangu wangoje hawa wachonga mawe wamalize kutalii?"

"Mko watano. Pamoja na sisi tutakuwa tisa. Boti hii ni ya sita, bwana mkubwa."

"Nani aliileta boti hapa, wewe au mimi?"

Odero akasogeza boti. Angefanya nini? Mtu anayelishwa na mkubwa hana mdomo. Wageni wakaingia wakicheka, boti ikazama mpaka maji yakakaribia ukingo wake. Kila mmoja alitaka kukaa mbele apige picha.

"Mama, toka hapo mbele," Mogaka alisema. "Rudi ukae nyuma na huyo kijana."

Nyanchera aliruka kama aliyechomwa.

"Mheshimiwa, hapana! Huyo ni mkwe wake. Hawawezi kukaa ubao mmoja, wewe mwenyewe unajua!"

Mogaka alijua. Si alikuwa mtu wetu? Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia nyumba ya mama mkwe wake ila kwa sababu maalumu. Lakini mbele ya wageni alitaka kuonekana ametoka gizani.

"Mnasikia hawa?" aliwaambia wageni. "Tumepata Jamhuri, wao bado wako na ensoni. Mama, kaa. Huyo si simba."

"Basi mimi nishuke," Ratemo alisema. "Nitatembea."

"Hakuna kushuka, tumechelewa. Odero, sukuma!"

Boti ilikuwa imeshaachana na jiwe.

Ratemo alijibana pembeni kabisa, mgongo amempa mama mkwe, uso kwenye maji. Bitutu alikaa nusu tako kwenye ncha ya pili ya ubao ule, leso ameifunika usoni. Kati yao palikuwa na nafasi ya kiganja tu. Nyanchera alisukumwa mbele miongoni mwa wageni. Hakukonyeza tena. Alikuwa anawaangalia wale wawili tu.

"Mama, vumilia kidogo," aliita. "Tunakaribia kufika!"

Pale mto unapopinda, maji yalikuwa na nguvu. Yaliishika boti nzito yakaisukuma kwenye ukuta wa mawe. Boti ikalala upande. Bitutu akateleza juu ya ubao, bega lake likagonga bega la Ratemo, kabisa, mwili kwa mwili.

Bitutu akasimama.

"Mama, keti!" Odero alipiga kelele.

Hapo ndipo boti ikapinduka, anga ikageuka maji.

Ratemo hakujua kuogelea. Alishika mzizi, akameza maji, akaita jina moja tu. Aliwaona wageni na diwani wamening'inia kwenye boti iliyopinduka, suti imefura kama gunia. Akamwona Nyanchera. Alikuwa amemshika mama yake kwapani, anamsukuma kuelekea kwa Odero, ambaye alikuwa amepata jiwe la kusimama.

"Mshike!" Nyanchera alisema. "Mshike mama!"

Odero akamshika Bitutu. Alipogeuka kunyoosha mkono wa pili, hapakuwa na mtu wa kuushika.

Wakampata kesho yake, Jumamosi, huko chini mto unapopanuka. Wakamlaza ukingoni juu ya majani ya mgomba. Kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, Bitutu hakwenda kanisani siku ya Sabato. Alikaa chini karibu na miguu ya binti yake, kilemba cheupe kimekuwa rangi ya udongo.

Ratemo alifika na wanaume wanne wa kwao na machela ya miti. Josiah, kaka yake Nyanchera, alimzuia.

"Hiyo machela ya nani?"

"Ya mke wangu. Nimekuja kumpeleka nyumbani."

"Mke gani? Ng'ombe ziko wapi? Mtoto yuko wapi? Dada yetu anarudi kwao. Wewe ni jirani tu umekuja kutupa pole."

"Josiah, shemeji, ng'ombe nilileta. Mlizirudisha. Hata leo ziko malishoni, nenda ukaone."

"Usiniite shemeji."

Wanaume wakaanza kushika fimbo vizuri. Ndipo Mheshimiwa Mogaka akashuka mteremko na askari wawili, suti nyingine, kavu.

"Ndugu wananchi, poleni. Nimefanya uchunguzi. Boti haikuwa na kasoro. Yule mwenye kasia tumemfunga kwa uzembe wake. Na jambo lenyewe ni kwamba mama huyu alisimama botini. Kila mtu alimwona. Kama angekaa kama alivyoambiwa, tusingekuwa hapa."

Watu wote wakamgeukia Bitutu. Hakuinua kichwa. Alijikunja, akawa mdogo, kama mtu anayetaka kuingia ardhini kabla ya mtoto wake.

Hapo Ratemo alikuwa na haki ya kumchukia. Mama huyu alimrudishia ng'ombe. Mama huyu alisimama. Alimtazama diwani, viatu vyake vinavyong'aa juu ya udongo ule, akaona jinsi wakubwa wanavyojua kuchukua mzigo wao na kuuweka juu ya kichwa cha mjane. Akavua kofia. Akazungumza ameinamisha macho, kama inavyompasa mkwe.

"Mama, niruhusu nikuulize neno moja. Josiah anasema mimi si mkwe wako."

Bitutu aliinua kichwa kidogo.

"Mtu ambaye si mkwe wako ukigongana naye bega, unamwambia sogea. Unakaa naye tu, hata sokoni unakaa na watu. Jana bega lako lilinigusa. Ulisimama kwa nini?"

Josiah alifungua mdomo, mama yake akamwinulia kiganja. Mto ulipita.

"Nilisimama," Bitutu alisema, "kwa sababu nimemgusa mkwe wangu."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti.

"Mama!" Josiah alisema.

"Nyamaza. Aliniuliza mle botini. Nikamwambia tukifika nitakujibu." Aliweka mkono juu ya mguu wa binti yake. "Sasa tumefika, Nyanchera. Nimezipokea. Josiah, wewe shika machela upande huo. Mtoto wangu atalala kwa mume wake. Na lango langu lisifungwe tena kwa ng'ombe za mtu huyu."

Wakamzika Jumapili, nyuma ya nyumba ya Ratemo, karibu na lundo la mawe ambayo hajayachonga. Kasisi aliomba, na mzee wa kanisa la Wasabato akaomba. Ng'ombe walifika kwa Bitutu wiki ileile, wakaingia.

Odero alifungwa. Diwani akachaguliwa tena.

Mwaka uliofuata, siku ya Jamhuri, Mogaka aliita baraza Nyamarambe, akazungumza juu ya maendeleo mpaka watu wakapiga miayo. Ratemo alikaa mwisho wa uwanja huku. Bitutu alikaa mwisho wa uwanja kule, mbali naye, kama inavyotakiwa. Diwani alipouliza kama kuna mwenye neno, mama alisimama.

"Mama, keti, zamu ya kina mama bado."

"Mlisema nilisimama. Leo nimesimama tena. Niulize?"

Watu wakamgeukia.

Hilo swali aliliuliza mwaka huo. Akaliuliza uliofuata. Magoti yalipomshinda, Ratemo ndiye aliyesimama badala yake, na sasa ni 1975, na Mheshimiwa bado hutazama saa yake na kusema muda umekwisha. Swali halijabadilika hata neno:

"Ulijua boti ni ya watu sita, na ulijua yule ni mkwe wangu. Ulituweka ubao mmoja kwa nini?"