Bibi wa Nyankunde

Mafuta yalianza kuchachatika sufuriani, gizani, umeme wa mtaa wa Rwambuzi, Bunia, ukiwa umekatika tangu jana. Léonie alitumbukiza donge la kwanza la unga kwa kukisia tu, bila kuwasha taa, asije akamwamsha binti yake Divine. Kulipokucha alikuwa sokoni na beseni lake, akiwafungia wateja mandazi kwa karatasi alizochana kwenye daftari lake la shule ya jioni, lenye hadithi alizojitungia.

Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa hadi kola, alinunua matatu akaenda zake. Kisha akarudi akipenya kati ya wauza sombe na majani yao ya muhogo, karatasi yenye mafuta mkononi.

"Mama, ukurasa wa pili iko wapi?"

"Ulikula mandazi ao ulisoma?"

"Nilisoma. Mandazi imepoa."

Jina lake Vital. Alikuwa katika kikundi cha waandishi kinachokutana kila Jumamosi kwenye darasa la kuazima: kwanza kila mtu anatoa habari zake, kisha anasoma alichoandika. Sheria ilikuwa moja. Ongea upendavyo, lakini ukiandika, andika Kiswahili bora, kile cha kitabu. Vital alikuwa nacho tele, maana alifanya kazi Mwanza miaka mitano.

Léonie akajiunga, na Vital akaanza kumpigia simu kila jioni. Walijiwekea mchezo: kwenye simu Kiswahili bora tu, na anayekosea amsifu mwenzake kwa sentensi tatu. Léonie alikosea sana. Mara nyingine makusudi.

Jumamosi moja alivaa kikwembe kipya cha njano, akakaa mstari wa mbele. Vital alisimama, akasoma: "Bibi yangu ananisubiri Nyankunde. Hakuna mwanamke aliyenipenda kama yeye."

Léonie alitoka kabla makofi hayajaisha. Huku Bunia, bibi ni mke. Na baba yake Divine naye alikuwa na bibi aliyemficha, kule Marabo.

Jioni simu iliita.

"Mpenzi, mbona uliondoka? Bibi anaumwa. Nimemweleza habari zako, anataka akuone."

"Umemweleza?"

"Yote. Amefurahi mno."

"Vital, weye hauna haya." Kiswahili bora kilikuwa kimemtoka. "Bakia na bibi yako. Mimi siendi kwake."

Vital aliona aliyemdhania mpole ndiye huyu, anamkataa mwanamke mzee kitandani. "Nimesikia," akasema, na hakupiga tena.

Wiki tatu baadaye Félicien, mwalimu na katibu wa kikundi, alipita sokoni kumpa habari, kwa kuwa Léonie hakuonekana tena Jumamosi. Alimwambia kwamba Vital amefiwa na tate yake, aliyemlea tangu wazazi wake walipouawa vitani. Matanga yako Nyankunde.

"Tate gani?"

"Ule wa hadithi yake. Bibi."

"Bibi si muke wake?"

Félicien alimweleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake, kwamba katika Kiswahili cha kitabu bibi ndiye tate, mama wa mzazi. Léonie aliketi chini, hapo hapo kwenye vumbi. Mteja aliita mara mbili, akaenda kwa mwingine.

Kesho yake alipanda pikipiki na Divine hadi Nyankunde. Vital alikuwa mkekani chini ya hema la matanga, shati limekunjamana, ndevu hazijanyolewa. Hakuinuka.

"Alikungojea," akasema. "Siku tatu aliuliza kama umefika."

"Vital, nilisikia mubaya."

"Nini?"

"Bibi. Nilisikia muke."

Ilimchukua Vital muda kuelewa. Siku nyingine wangecheka hadi machozi. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na Léonie akabaki amesimama, hajui kama ana ruhusa ya kumgusa. Divine aliuachia mkono wa mama yake, akaenda kuketi mkekani, karibu kabisa na Vital.

"Tumekuja kulia na weye," akasema.