Mashine ya Radi

Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, Radi alichukua ufunguo kwa mlinzi getini, akafungua maabara ya shule, akakuta mashine yake imeuawa. Hakupata neno jingine. Koili aliyoisuka kwa miezi ilikuwa imekatwakatwa, waya zimetapakaa sakafuni kama matumbo ya kuku. Kufuli lilikuwa zima. Saa nane mchana wahadhiri wa chuo kikuu walikuwa wanakuja kuiona mashine hiyo ikirusha cheche, na wiki mbili baadaye Radi alikuwa aanze masomo hukohuko chuoni kwao.

Radi lilikuwa jina la utani. Alipewa kwa sababu ya cheche, likamganda kwa sababu ya hasira. Hata siku aliporudi na medali ya mashindano ya fizikia, mwalimu mkuu alimpongeza akiwa amesimama mbali kidogo.

Saa tatu inspekta wa polisi, mama mmoja mwenye sauti kavu, alikuwa ameshamaliza kazi, au alidhani ameshamaliza.

"Tazama hapa." Alionyesha mchubuko mrefu juu ya meza. "Kifuniko hiki cha sanduku la mashine ni chuma kizito, mtu hukiinua kwa mikono miwili. Huyu amekiburuta. Kwa nini?"

"Alikuwa na haraka."

"Alikuwa na mkono mmoja. Funguo wanazo watu wawili tu, mwalimu wako na mlinzi. Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mkono mmoja umevunja mashine."

Mlinzi alikuwa baba yake Radi. Alikuwa ameketi kwenye stuli, mkono wake wa kushoto umetiwa pingu, na pingu ya pili imefungwa kwenye mguu wa meza, maana mkono wa kulia hakuwa nao tangu ujana. Macho yake yalikuwa sakafuni.

"Na majirani wamesikia mkigombana jana jioni," inspekta akaongeza.

"Hakutaka niende chuo," Radi alisema. "Eti ni mbali, nikiugua nani ataniuguza. Baba, ni wewe?"

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Baba! Sema siyo basi!"

"Wewe jiandae na safari yako, mwanangu."

Hapo Radi akalipuka. Alimwambia baba yake maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, tena mbele ya polisi. Mzee akayameza yote.

Kocha aliingia akitweta. Ndiye mwalimu wa fizikia, mpole, mwenye miwani, aliyemfundisha Radi tangu hajui betri ina ncha ngapi. Alitikisa kichwa. "Pole, binti yangu. Usimlaumu sana mzee. Elimu humtisha asiye nayo." Akainama, akaanza kupekuapekua mabaki kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliutia mfukoni.

Radi aliutazama ule mfuko. Kisha akainamia kapasita, yale makopo mawili yanayotunza umeme hata plagi ikishachomolewa. Juu ya ncha zake aliona doa jeusi la kuungua ambalo jana halikuwapo.

"Inspekta, haya makopo niliyaacha yamejaa umeme. Asiyejua angeyagusa, mngemkuta amelala hapa chini. Aliyekuja aliyaua kwanza, alilaza bisibisi juu ya ncha zote mbili, cheche ikaruka na kuacha doa hili. Baba yangu hajui habari hizo. Hata kupangusa vumbi humu anaogopa."

"Sasa hivi ulikuwa unamtukana."

"Nilikosea. Nipe dakika tano."

Alitoa kabatini sanduku la zamani la shule, lenye kapasita na kifuniko kama vya lile lililovunjwa, akalichomeka kwenye umeme, akalichomoa. "Kocha, nisaidie kulifungua. Limejaa."

Kocha, mawazo yakiwa kwa wageni, alichukua bisibisi, akailaza juu ya ncha mbili zilizotokeza nje. Cheche ikalia. Kisha akavuta kifuniko kwa mkono mmoja, kikasota hadi ukingoni mwa meza. Mchubuko mpya ukalala sambamba na wa kwanza, na mkono wa kushoto ulikuwa bado mfukoni.

"Mbona hukukiinua, mwalimu?" inspekta aliuliza. "Mikono si unayo miwili?"

Kocha aliutazama mfuko wake. "Ni usalama tu. Umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, unapita kwenye moyo. Nimezoea."

"Umezoea, na ndivyo ulivyonifundisha," Radi alisema. "Shule nzima tunaolijua hilo ni mimi na wewe. Mimi ufunguo sina, na nimelala kwa bibi. Kwa nini, Kocha?"

Upole ukamtoka kama maji kwenye pakacha. "Nani alikufundisha kusuka koili? Miaka yote nafundisha watoto wa watu, wanapanda, mimi nabaki na chaki! Niliwapelekea chuo michoro ya mashine kwa jina langu, na kwa mara ya kwanza wakanijibu. Wageni wa leo wanakuja kwangu! Ungeiwasha mbele yao, wakuulize maswali mawili, wangejua ni ya nani. Ikivunjika, michoro inabaki yangu."

"Na baba yangu?"

"Ningemwombea msamaha."

"Ungemwombea!" Radi alipiga meza. "Umwibie mtoto, umfunge baba, halafu umwombee! Kikulacho ki nguoni mwako kweli. Huna haya!"

Inspekta alimfungua mzee, pingu zote mbili zikamwendea Kocha. "Mzee, wewe hukumwona akiingia?"

"Nilimwona alfajiri. Mimi ndiye niliyemfungulia geti."

"Ukanyamaza?"

"Yeye ndiye aliyemfikisha mwanangu hapo alipo. Nikaona nikimtaja, chuo nacho kitaondoka. Bora nifungwe mimi."

Radi alihisi hasira kubwa kuliko zile zote za asubuhi. "Nani alikuomba? Nimekutukana mbele za watu, nawe unajua kila kitu, umekaa tu unanisikiliza! Chuo nimekipata kwa kichwa changu! Wageni wakija nitawaambia mashine ni ya nani, hata kama imebaki chuma chakavu. Na si jana tu ulisema hutaki niende?"

"Sitaki," mzee alisema. "Hata leo sitaki. Lakini utakwenda."

Pingu ilikuwa imemuumiza. Alikuwa anasugua kifundo cha mkono kwenye goti, kwa kuwa hakuwa na mkono mwingine wa kukisugulia. Radi akapiga magoti mbele yake, bado anafoka, machozi yanamtiririka, akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaanza kuusugua.