Chupa Kumi na Mbili za Juisi

Dorine alikuwa akijaza chupa ya kumi na mbili kwa juisi ya matunda ya karakara ya kuuza kanisani, huku sikio lake likiwa nje, ambako wenzake walikuwa wakiruka kamba kando ya shamba la chai. Kabla ya kwenda kuchuma chai, Mama alikuwa amemwagiza, "Ikitokota, hesabu pole pole mpaka mia tatu, ndipo uiepue."

Lakini kuni zilikuwa mbichi. Juisi ilipofuka mvuke tu, Dorine alikuwa ameiepua, akaiongeza maji ya kijito ili itoshe. Kitu kichachu hivi kitaharibikaje? Hata mursik, yale maziwa yaliyochachushwa, hukaa kibuyuni siku nyingi bila kumdhuru mtu. Sasa alimpa mdogo wake Chelangat kikombe kimoja, akakimbilia kamba.

Asubuhi ya Jumamosi Chelangat alikuwa ametapika mara tano. Alilia bila machozi. Mama alimbeba mgongoni hadi zahanati, na Dorine akafuata nyuma katika tope.

"Amekula nini?" aliuliza Onsongo, muuguzi, akimfinya mtoto ngozi ya tumbo kuona kama amepungukiwa na maji.

"Ugali na mboga, daktari. Kama sisi wote," Mama alijibu.

Kesho zile chupa zingeuzwa kanisani, na watoto wote wa shule ya Jumapili wangekunywa. Dorine alimtazama Chelangat, ambaye macho yake yalikuwa yamezama ndani.

"Alikunywa juisi," alisema kwa sauti ndogo. "Haikutokota. Na nilitia maji ya kijito."

Mama alimgeukia, akamkazia macho.

"Nilidhani uchachu unaua vijidudu, kama kwa mursik," Dorine alijitetea.

"Maziwa ya mursik si huwa nayachemsha kwanza?" Mama alisema.

"Hajakosea kwa yote," alisema Onsongo, akikoroga dawa ya chumvi na sukari. "Siwezi kuapa kwamba ni juisi bila kupima. Lakini bakteria wengine huuzoea uchachu. Wakishauzoea, moto hafifu nao hauwatishi. Hao wanataka moto kamili, na maji ya kijito nayo yachemshwe."

Walimnywesha Chelangat kijiko baada ya kijiko. Dorine alihesabu kila kijiko, akiogopa kuangalia pembeni. Saa saba mchana mtoto alikojoa, kisha akauliza kama kuna chapati.

"Huyo sasa ni mgonjwa wa njaa," Onsongo alicheka.

Nyumbani Mama alimwaga juisi yote shimoni.

"Na kanisani tutasema nini?" Dorine aliuliza.

"Ukweli, kama ulivyousema leo. Uliogopa, lakini ulisema. Ungenyamaza, kesho zahanati ingejaa watoto wa wenzetu. Kazi ukiifanya nusu, Dorine, mwingine ndiye huumia."

Walianza kusugua chupa kwa maji moto na sabuni. Jua lilipozama nyuma ya vilima vya chai, nne tu zilikuwa zimetakata.

"Hizo nane ni za kesho tukitoka kanisani," Mama alisema. "Ingiza kuni ndani, zikauke."

Dorine alizipanga kuni karibu na meko, moja moja.