Swichi ya Tisa

Maige, fundi mkuu wa kiwanda cha kuchambua pamba Kishapu, alikutwa amekufa ndani ya mashine ya kufunga marobota, kifua kimepondwa. Mlango wa nyuma wa mashine ulikuwa wazi. Ilikuwa saa nne asubuhi, Julai 1996.

Kufikia saa sita, Bartholomeo, mwendesha mashine hiyo, alikuwa mahabusu. Yeye ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuwasha, tena siku mbili kabla aligombana na Maige mnadani kwa ajili ya dume la ng'ombe, watu wote wakiona. Kwa polisi mvivu, kesi ilikuwa imekwisha. Inspekta Mwanaima hakuwa mvivu.

"Ulimwona akiingia?"

"Hapana, afande. Chumba changu hakina dirisha."

"Kwa nini uliwasha?"

"Taa ya mashine ilikuwa ya kijani. Kijani maana yake milango imefungwa."

"Mlango wa nyuma ulikuwa wazi."

"Basi taa ilisema uongo. Afande, nina watoto wanne. Nikinyongwa atawalisha nani?"

Kiwandani, mafundi wote walimweleza jambo moja: pale hakuna anayeaga akiingia kusafisha. Unafungua mlango, mashine inakufa, unaingia. Swichi ya mlango wa nyuma aliiweka Maige mwenyewe, baada ya mwenzao kukatwa mkono.

Lakini miezi miwili nyuma, mitambo ilikabidhiwa kwa kidhibiti kipya, kisanduku kidogo ambacho wafanyakazi walikiita Ubongo. Kilipokea habari za kila swichi, kikaamua nini kiwake. Aliyekichagua alikuwa mhandisi kijana, Sanket.

"Ulichaguaje?" Mwanaima alimuuliza.

"Vilikuwa viwili. Kimoja cha matundu manane, kingine cha kumi na sita. Kila swichi inataka tundu lake. Swichi zetu ni nane."

"Nani alizihesabu?"

"Zimo kwenye michoro ya kiwanda."

Dorah, mpokea pamba, alimvuta Mwanaima pembeni. "Maige alimwambia Sanket achukue kile kikubwa, chenye akiba. Sanket akamcheka mbele yetu sote. Eti fundi wa nyundo atamfundisha elektroniki!"

Mwanaima alizunguka kiwanda kizima akihesabu kwa vidole. Swichi zilikuwa tisa. Ile ya Maige haikuwa kwenye mchoro wowote. Akaufuata waya wake mpaka nyuma ya Ubongo. Ulikuwa umekatwa, ncha imezungushiwa utepe mweusi. Ubongo haukuwa na habari ya mlango ule.

Alasiri aliwakusanya wote. Bartholomeo aliletwa na pingu zake.

"Sanket, mlango wa nyuma ukiwa wazi, mashine inawaka?"

"Haiwezi."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Mwanaima aliufungua mlango, akaingia, akasimama chini ya chuma kilichomuua Maige.

"Konstebo! Bonyeza!"

"Toka!" Sanket alipiga ukelele, akamrukia na kumvuta mkono. "Itawaka! Inspekta, toka!"

Konstebo alibonyeza. Mashine haikutikisika. Mwanaima alitoa mfukoni fyuzi tatu za mashine, alizokuwa amezing'oa mapema.

"Sasa sema."

Sanket alikaa chini, palepale kwenye nyuzi za pamba.

"Kisanduku kilipofika ndipo nikauona waya wa tisa. Tundu halikuwepo. Ningemwendea mzee Zulfikar, mwenye kiwanda, nimwambie Maige alikuwa sahihi? Nilishamcheka mbele ya watu sitini. Niliona aibu. Nikaukata."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Na huyu je? Ungemwacha anyongwe?"

Sanket hakumtazama Bartholomeo. "Nilidhani mtamwachia."

"Ulidhani!" Hasira ilimpanda Mwanaima. "Ungemnong'oneza Maige peke yake, leo angekuwa hai."

"Angenicheka."

Konstebo alikuwa akimfungua Bartholomeo pingu. Bartholomeo alisugua vifundo vya mikono, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Maige?" akasema. "Mimi nimegombana naye, namjua. Asingekucheka. Angekwenda mwenyewe kwa mzee, aseme yeye ndiye aliyesahau kuichora swichi yake."