Pumzika, Mzigo Tunao

Wapo wanaodhani majini ni mali ya Pemba na Tanga, kama karafuu na mkonge. Waache na ujuaji wao. Hawajawahi kukaa Mtendeni, hapa Tabora, mwezi wa kumi saa nane mchana, jua limekaa utosini na mtaa mzima umejifungia ndani, hata kuku haonekani.

Saa kama hiyo, Jumapili, Modest aliona jambo dogo. Bando lake lilikuwa limekata tangu juzi, na simu alikuwa ameiweka airplane mode ili chaji idumu. Hata hivyo ukurasa wa blogu yake ulijifungua wenyewe, na pale panapoonyesha idadi ya wasomaji, sifuri ikageuka moja.

"Bug," alijisemea. Ana digrii ya uandishi wa habari, huyo. Kila asichokielewa anacho Kizungu chake.

Blogu iliitwa Njia Kuu. Enzi za chuo ilisomwa kweli. Watu wa Dar, wa Mwanza, hata Wanyamwezi waliolowea Muscat, walisubiri hadithi zake za misafara iliyopita Tabora zamani, pembe mabegani na njuga miguuni, kutoka pwani hadi Ujiji. Walibishana, walitukanana, walimwita Kaka Mkubwa. Kisha wakahamia kwenye video za watu wanaokata viuno, mmoja mmoja, bila kuaga, kama wageni wanaotoroka msibani kabla ya maziko. Na ajira? "Tutakupigia." Kila ofisi tutakupigia. Hata kiredio kimoja kinachotangaza sabuni na vifo, nacho tutakupigia. Labda wanangoja wampigie kaburini.

Kikabaki chumba cha uani kwa shangazi yake, Advera, na hiyo blogu. Rafiki zake walikwenda zao Dar. Aliyebaki ni Twalibu wa bodaboda, ambaye hajawahi kusoma hata mstari mmoja wa Njia Kuu, na wala hafichi.

Twalibu ndiye aliyempeleka Igalula wiki iliyotangulia, kutafuta hadithi ya kuwarudisha wasomaji. Ng'ambo ya stesheni, ndani ya pori la miombo, kuna rundo la mawe. Alikufa hapo mpagazi, wakati wa misafara, wenzake wakagawana mzigo wake wakaendelea na safari. Tangu hapo anayepita hutupia jiwe na kusema, "Pumzika, mzigo tunao." Twalibu alizima pikipiki, akaokota jiwe, akatupia, akasema. Modest naye akainama. Lakini yeye alichomoa, tena la chini kabisa.

"We! Hapa watu huweka," Twalibu alinong'ona. "Hawachukui."

"Content, mdogo wangu. Nalipiga picha mezani kwangu. Wasomaji watajaa mpaka wagombanie viti."

"Rudisha bwana."

"Ushirikina ndio umetukalisha Waafrika."

"Waafrika sijui. Mimi ndiye nakupakia na hilo lijiwe mgongoni mwangu."

Picha ikapandishwa: jiwe jeusi juu ya meza, na maneno, Nimemleta mpagazi nyumbani. Hakusoma mtu. Mpaka Jumapili hiyo, huyo mmoja. Na chini ya picha kulikuwa na maoni yasiyo na jina:

Nimefika. Nitue wapi?

Modest akacheka peke yake. Mtu! Tena mwenye utani! Ilikuwa imepita miezi hajaandikiwa neno na kiumbe chochote, akajibu mbio mbio: Karibu sana ndugu yangu. Tua hapa hapa kwangu.

Jibu likaenda, bila bando.

Nje ya dirisha kitu kizito kikatua, puu. Alipotoka alikuta kamba ya kuanikia, vumbi tupu, na harufu iliyokuwa imesimama pale kama mtu: jasho lililokaukia kwenye ngozi mbichi, na tumbaku kali ya zamani.

Siku zilizofuata, wasomaji wakaongezeka. Si mchezo, walijaa. Kila mmoja aliacha maoni. Mimi niliangukia njiani, kule Choma, nitue wapi? Mimi niliachwa mtoni sijavuka, nitue wapi? Modest akaona ni mzaha mzuri, watu wamelielewa wazo lake, wanaigiza. Akawajibu wote, mmoja mmoja, kwa furaha ya mtu aliyekuwa ananyweshwa baada ya kiu ya mwaka. Tua hapa kwangu. Tua hapa kwangu.

Shangazi Advera alimkuta bombani asubuhi moja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona unatembea kiupandeupande kama mbeba kreti?"

"Nimelalia bega vibaya."

Akamvuta kola. Bega la kulia lilikuwa na sugu nene, nyeusi, imepasuka katikati. Advera akaitazama bila kuigusa. Babu yake mwenyewe, aliyekuwa mpagazi, alikuwa nayo hiyo, akazikwa nayo.

"Modest. Hao unaokaa nao chumbani mchana ni akina nani?"

"Sikai na mtu."

"Nasikia njuga. Nikajua umeleta wacheza ngoma."

"Ni wasomaji wangu, shangazi."

"Wasomaji wanavaa njuga?" Akasema taratibu sana, kama anayeogopa kusikiwa na ukuta.

Modest alirudi chumbani kuangalia idadi.

Alasiri moja wingu lilitanda bila mvua, umeme ukakatika, na akiwa amekaa mezani akasikia njuga zikianzia mbali, upande wa stesheni, zikija kwa mwendo wa watu waliochoka, zikapita dukani, zikapita bombani ambapo wanawake hawakugeuka, zikaingia uani bila mlango kulia, na ile harufu ikatangulia chumbani mbele yao, ngozi mbichi na tumbaku na kidonda, akataka kuinuka asiweze kwa sababu begani palikuwa pameshatuliwa, na juu yake pakatuliwa tena, na tena, kila mzigo ukifuatwa na pumzi ndefu ya mtu aliyengoja miaka na miaka kupumua hivyo, mpaka paji lake likagusa meza, shavu kwa shavu na lile jiwe, na kwenye simu maoni yakawa yanapanda tu, nitue wapi, nitue wapi, nitue wapi.

Na jambo la aibu, ambalo hakumsimulia mtu: hata hapo, jicho lake moja lilikuwa linasoma idadi.

Advera ndiye aliyemkuta, akampigia Twalibu, na Twalibu akaenda Igalula kumleta Ng'washi. Mama huyu huuza asali stesheni, na watu wakishikwa na visivyoonekana humwita, maana ni mfumu, mganga wa kurithi. Alishuka kwenye pikipiki akilalamikia mgongo.

"Mwadila, mayo," Advera alimwamkia mama huyo kwa Kinyamwezi.

Ng'washi aliitikia kwa kichwa. Hakuingia chumbani. Alisimama kizingitini, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Wamejaa," akasema chini chini. "Hata pa kukanyaga hapana."

"Yesu na Maria!" Advera akaita.

"Kijana. Walikuuliza watue wapi. Ukawajibuje?"

"Niliwakaribisha tu."

"Taja neno lenyewe."

Modest, paji bado karibu na meza, akanong'ona: "Tua hapa kwangu."

Ng'washi akafumba macho. "Mpagazi wa namna hii hatui chini. Chini ndiko alikofia. Ukimwambia kwangu, anatua juu yako. Wale wanaopita pale porini wanasema mzigo tunao, wanaubeba watu mamia kwa mamia, nani atausikia? Wewe umeupokea peke yako. Na kila mwenye mzigo njia nzima kapata habari. Watakukunja hivyo hivyo mpaka ulale, na ukilala ndiyo basi."

"Nikirudisha jiwe?"

"Wataondoka nalo. Na usiwajibu tena, hata herufi."

"Wote?" Modest akainua jicho. "Hata mmoja hatabaki?"

Ng'washi akamtazama sana.

"Ala! Unasikitika?"

"Hapana, mama."

"Twalibu," alisema Ng'washi, akifunga khanga yake, "huyu mchunge."

Walilirudisha kesho yake. Modest alilibeba mwenyewe, Twalibu akimshika kiuno asianguke. Alilisukuma mahali pake, chini kabisa, akasema yale maneno. Upepo ukapita juu ya majani makavu, njuga zikaenda nao, zikafifia, zikaisha. Mgongo wake ukanyooka kwa mlio wa mbao. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi mpaka akashika mti.

Jumapili Advera alitoa sadaka ya shukrani kanisani, akachinja kuku. Modest akafungua Njia Kuu. Sifuri.

Akaandika. Aliandika kuliko alivyowahi kuandika, usiku na mchana, makala ya wapagazi ambayo kungekuwa na haki duniani ingesomwa bungeni. Akaituma kwenye group la waliosoma pamoja chuo. Wakaona, tiki zikawa za bluu, zote. Baada ya saa nyingi mmoja akajibu: Bro, kuna mchongo wa kuuza laini za simu, uko interested?

"Nisomee basi mimi," Advera alimwambia, alipomwona kainamia simu barazani. Akaketi, akakunja mikono mapajani kama yuko ibadani. Modest akasoma. Katika aya ya pili kichwa cha shangazi kikaanguka kifuani, akaanza kukoroma kidogo, mzee wa watu, amechoka na jiko tangu alfajiri. Modest akaendelea kusoma mpaka mwisho, kwa sauti, akisomea baraza.

Kesho yake alipanda gari la Igalula peke yake. Hakumwambia hata Twalibu. Saa nane mchana alikuwa mbele ya rundo, hakuna mtu, hakuna ndege. Alifungua begi la laptop, lile alilonunua kwa ajili ya intavyuu, akachomoa jiwe la chini kabisa. Akasita. Akachomoa la pili. Akachomoa mpaka zipu ikagoma kufunga.

Alipokuwa njiani kurudi stesheni, simu ikatetema mfukoni. Ilikuwa airplane mode. Nyuma yake, mbali kidogo, njuga zikaanza, kwanza za mmoja, kisha za wengi, zikafuata mwendo wake hatua kwa hatua.

Modest hakugeuka. Kwenye msafara, aliye mbele hageuki, anajua nyuma wapo.

"Karibuni," akasema kwa furaha. "Karibuni ndugu zangu. Tueni hapa kwangu."

Bega la kulia likainama lenyewe, kabla hata wa kwanza hajafika.