Ufunguo Namba Arobaini na Moja

Minna Vogel na Dennis Garrity waligongana katikati ya soko la Soulard, mjini St. Louis, kabichi zote za Minna zikamwagika. Kijana huyo mzimamoto, shati jekundu, mkanda mpana kiunoni, akapiga magoti kuziokota.

"Unaokota kabichi au unanikodolea macho?"

"Vyote viwili, mrembo."

Ikawa kila Jumapili wako pamoja. Mzee Vogel, babake Minna, mwenye duka la dawa, alinuna. Mwairishi! Tena mzimamoto, watu wa kucheza karata!

Nje ya duka palikuwa na kisanduku cha kengele ya moto. Funguo zake walipewa watu wa kuaminika tu, kila mmoja na namba yake. Ukifungua kisanduku, ufunguo hautoki mpaka mkuu wa wazimamoto aje kuutoa. Ndivyo polisi walivyowanasa waliopiga kengele za uongo, na kosa hilo lilikuwa la jela.

Jumanne asubuhi kengele ikalia. Farasi wakaja mbio, gari likapinda kona vibaya, Fitz, rafiki wa Dennis, akaanguka na kuvunjika mkono. Moto haukuwapo. Kisandukuni ulinasa ufunguo namba arobaini na moja, ambao Minna ndiye aliyeutunza.

"Ulitaka kuniona tu, Minna?"

"Sikuugusa!"

"Fitz amevunjika mkono, bado unanidanganya?"

Dennis akaondoka bila kuaga. Polisi wakamwandikia Minna afike mahakamani Ijumaa. Jela ilimtisha, lakini kumkosa Dennis kulimuuma zaidi. Na swali moja halikumwacha: ni nani, basi?

Jioni, mezani, mzee akasema, "Yule kijana wako si haba. Tangu ufunguo uzungushwe mpaka afike, dakika nne tu."

Minna akaweka uma chini. "Baba, umejuaje ulizungushwa saa ngapi?"

Mzee akainama. "Nilitaka kujua. Nyumba ya mwanangu ikiungua siku moja, atawahi?"

"Hukuweza kuniuliza mimi?" Minna alikuwa analia.

Asubuhi mzee alivaa kofia, akaenda polisi kukiri, kisha kituo cha wazimamoto, Minna nyuma yake. Dennis alikuwa anasugua hatamu.

"Ni mimi, kijana. Fitz nitamtibu mwenyewe. Ijumaa nasimama mbele ya hakimu."

Dennis akamgeukia Minna. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia sikuugusa. Ukauamini ufunguo, hukuniamini mimi."

Dennis akarudi kusugua hatamu. Mwishowe akamwambia mzee, "Ukishamalizana na hakimu, nitakuja kuposa."

"Njoo kesho. Nikifungwa, nataka niende nikijua binti yangu ameposwa."

"Na anayeposwa ni nani, farasi?" Minna akauliza.

Dennis akaangusha hatamu. "Minna, utanikubali?"

"Uliniamini hata kidogo?"

"Hapana." Uso ulimwiva. "Sikukuamini, na naona aibu."

Minna akaokota hatamu. "Hapo umesema kweli. Nakubali," akasema, akampa mkono.