Baba Mkwe Kwenye Runinga

Neli anafinyanga vyungu. Anaishi Matema, kando ya ziwa, chini ya milima. Kila asubuhi anapiga magoti uani, anakanda udongo, anauzungusha, anaulainisha kwa maji. Ikifika saa nne, vyungu vitatu vimesimama kivulini. Jumamosi anavipeleka sokoni.

Udongo wa vyungu hauokotwi popote. Udongo wa shamba la mpunga hupasuka motoni. Mchanga wa ufukweni haushikani kabisa. Udongo mzuri uko kwenye shimo moja, nyuma ya migomba ya marehemu baba mkwe wake. Wanawake kumi na wanane wanachimba hapo. Hawamwombi mtu ruhusa. Ndivyo mzee alivyotaka.

Sasa akaja Ezekiel. Huyu ni shemeji yake Neli, mdogo wa marehemu mumewe, Hezroni. Ezekiel alitaka kuliuza shimo kwa mtu anayejenga nyumba za wageni.

"Shimo ni la baba yangu, na mimi ndiye mwana wa kiume aliyebaki," alisema. "Hao wanawake wana karatasi gani?"

Karatasi hawakuwa nayo. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Lameck, akaitisha mkutano siku ya Ijumaa. Mwenye ushahidi aje nao.

Neli alikuwa nao. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, kwenye arusi ya wifi yake, mzee alisimama mbele ya watu akatoa neno kuhusu udongo. Mpiga picha alikuwepo, na mkanda wa video upo. Lakini mkanda ulikuwa umeanza kuota ukungu kwa unyevu wa ziwa. Tena, ofisi ya kijiji ina runinga na deki ya diski tu. Mkanda haucheki wala haulii mbele ya deki ya diski. Ilibidi arusi ile ihamishwe kutoka kwenye mkanda iingie kwenye diski.

Binti yake Angetile, aliyeko Mbeya, akamtumia deki ya kurekodi. Akampigia simu.

"Mama, unaunganisha deki ya zamani na hii mpya. Mkanda unacheza huku, diski inarekodi kule. Waya unaufuatisha rangi kwa rangi."

"Kwani rangi sizijui?" Neli akajibu, akakata simu. Ndivyo alivyo Neli. Hapendi kufundishwa mara mbili, na mara nyingine hata mara moja.

Jumanne asubuhi alipenyeza mkono nyuma ya kabati, gizani, akachomeka nyaya. Juu ya deki mpya akatandaza kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, maana kitu kizuri hakiachwi uchi. Akatia mkanda, akatia diski, akabonyeza kitufe chenye doa jekundu.

Kisha akageuza kiti, akaipa runinga mgongo.

Wewe unayesoma labda utacheka. Mwanamke wa huku hatacheka. Kwa mila ya zamani, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona anakuja, anapinda njia. Akiwa naye uani, anainamisha kichwa. Neli aliishi karibu na mzee miaka kumi na minne bila kumtazama. Aje amtazame leo kwa sababu tu yuko kwenye kioo? Hapana. Alikaa akasikiliza. Sauti ilikuja safi. Alisikia kwaya, vigelegele, halafu mzee mwenyewe. Neli akaridhika.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Ezekiel.

"Karibu, shemeji."

"Unasikiliza redio?"

"Narekodi arusi."

"Arusi gani hiyo? Mbona runinga yako imepofuka?"

Neli akageuka. Kioo kilikuwa cheusi kama kitako cha chungu. Sauti ilisikika, picha hakuna.

Ezekiel alicheka mpaka akashika mlango. "Sauti peke yake? Sauti ya mzee hata mimi naweza kuiigiza. Na neno hilo mnalosema alilitoa, mimi sikulisikia. Siku hiyo nilikuwa Kasumulu, kule mpakani." Akapunguza sauti, kama mtu anayempa mwenzake pole. "Halafu hata picha ingekuwepo, shemeji, ungeitazama? Mkamwana mwenye adabu akae mbele ya mkutano anamkodolea macho baba mkwe wake? Wewe kafinyange. Mambo ya mashine tuachie sisi."

Akaenda zake. Hasira ilimpanda Neli hadi masikioni. Alitamani kumrushia rimoti mgongoni. Badala yake alizima mashine, akafunga mlango, akaenda moja kwa moja kwa jirani yake, Tusajigwe.

Tusajigwe ni mwanamke wa miaka thelathini hivi. Kazi yake ni kupiga picha za video arusini na misibani, kuanzia Matema hadi Kyela mjini.

"Ugonile, mama Angetile," alimsalimu.

"Ndaga," Neli akaitikia. "Njoo uone mashine yangu. Imenitia aibu mbele ya Ezekiel."

Tusajigwe aliingia ndani, akaweka kiganja juu ya kitambaa cheupe. "Mama, deki yako ina homa."

"Kitambaa kinazuia vumbi."

"Kizuie vumbi wakati imezimwa na imepoa. Ikiwa inafanya kazi, inapumua kwa matundu haya. Ukiyaziba inapata joto, inazima katikati ya kazi, au inaungua kabisa. Iachie nafasi ya kiganja kila upande."

Neli akakikunja kitambaa. "Lakini kinapendeza."

"Kinapendeza sana. Kiweke mezani." Tusajigwe akamshika mikono, akaitazama. Ilikuwa na udongo mbichi. "Na hii kaoshe, ukaushe. Udongo mbichi na umeme haviivi chungu kimoja. Halafu, kabla ya kugusa waya wowote, toa plagi zote kwenye soketi."

Neli alinawa, akajifuta, akatoa plagi zote tatu. Wakavuta kabati mbele. Tusajigwe akawasha taa ya simu.

"Waya wa njano umeuchomeka wapi?"

"Kwenye njano."

"Tazama vizuri."

Neli akainama. Tundu lilikuwa la kijani. Kule gizani njano na kijani zilikuwa ndugu.

"Njano ni picha," alisema Tusajigwe. "Nyekundu na nyeupe ni sauti. Hizo uliziweka sawa, ndiyo maana ulisikia bila kuona. Sasa soma herufi hizi. Hii IN ni mlango wa kuingilia. Hii OUT ni mlango wa kutokea. Picha na sauti zinatoka kwenye deki ya mikanda, zinaingia kwenye deki ya kurekodi. Kisha zinatoka humo, zinaingia kwenye runinga."

"Kama maji ya mfereji wa mpunga. Yanaingia shamba la juu, yanatokea la chini."

"Hivyo hivyo. Unganisha wewe."

Neli aliunganisha mwenyewe. Alikosea mara moja, akarekebisha bila kuambiwa.

"Lakini nieleze kitu kimoja," alisema Tusajigwe. "Runinga ilipokuwa nyeusi, wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Neli alikionyeshea kidole kile kiti kilichogeuzwa.

Tusajigwe ni binti wa huku huku. Alielewa, wala hakucheka. "Mama, anayerekodi lazima atazame. Picha ikikatika, ni jicho linalojua. Ukitaka, mimi nitakaa nikutazamie."

Neli alifikiri. Aliwafikiria wale wanawake kumi na wanane. Bila udongo watauza nini Jumamosi? Watoto watakula nini?

"Hapana," alisema. "Ijumaa una arusi yako ya watu, nitakuwa peke yangu. Ezekiel anautegemea mgongo wangu. Hataupata. Nifundishe."

Wakaanza na mkanda wa kwaya, usio na thamani kubwa, na diski ya kufutika. Kwa rimoti Neli alichagua njia ya nyaya, siyo ya antena, hadi wanakwaya wakatokea. Alirekodi dakika moja, akasimamisha, akaicheza diski. Picha ilikuwepo, na sauti pia.

"Kila mara jaribu hivyo kwanza," alisema Tusajigwe. "Mkanda wa mzee umechoka. Umebakiza safari moja, pengine mbili. Usiurudisherudishe."

Akampa diski mpya. "Ishike ukingoni. Upande unaong'aa usiuguse. Ikiwa na vumbi, chukua kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe."

Mkono wa Neli ulizungusha. Umezoea vyungu. Tusajigwe aliukamata mara mbili, wote wawili wakacheka.

Kisha mkanda wa arusi ukaingia. Neli aligeuza kiti kikaelekea runinga, akakaa, mikono magotini. Mzee akatokea kwenye kioo.

Kumbe alikuwa na kovu juu ya jicho. Kumbe alikuwa akitabasamu upande mmoja wa mdomo, vile vile kama Hezroni. Miaka yote ile Neli hakujua mume wake alilitoa wapi tabasamu lile. Machozi yalimtoka, lakini hakuyaondoa macho kwenye kioo.

"Shikamoo, baba," aliiambia runinga. Akatazama hadi mwisho. Picha haikukatika.

"Nimemaliza?" aliuliza.

"Bado. Ukiitoa sasa, itacheza kwenye deki hii tu. Ya ofisini itaikataa, na Ezekiel atacheka tena. Lazima uifunge diski. Ingia kwenye menyu, tafuta neno hili, FINALIZE, ubonyeze. Usiguse kitu wala usizime umeme hadi imalize. Ikishafungwa, huwezi kuongeza kitu ndani yake."

"Kama chungu," alisema Neli. "Kikishachomwa, hukiongezi mdomo."

Ilipokwisha, waliijaribu kwenye deki ya Tusajigwe. Ikacheza. Tusajigwe akatoa nakala mbili kwa kompyuta yake. Neli akaandika jina la arusi kwa kalamu maalumu, upande wa juu wa diski. Mkanda nao hakuutupa. Aliufunga akauweka mahali pakavu.

"Jambo la mwisho," alisema Tusajigwe akiwa mlangoni. "Radi za Kyela unazijua. Ukiona mawingu, usingoje ngurumo. Toa plagi, toa na waya wa antena. Ikishaanza kunguruma, usiguse nyaya."

"Ndaga fijo," Neli akamshukuru.

Ijumaa ofisi ya kijiji ilijaa hadi madirishani. Neli alitembea mbele na diski yake. Ezekiel akasimama kabla hajafika.

"Mwenyekiti, hapa pana mila. Huyu ni mkamwana. Haruhusiwi kumtazama baba mkwe wake, sembuse kumchezesha kwa rimoti mbele ya watu. Ni kumdharau marehemu."

Baadhi ya wazee walitikisa kichwa kumuunga mkono. Neli aliwasikia. Hakukaa.

"Nilipokuwa nainamisha kichwa, nilikuwa namheshimu mzee," alisema. "Leo nainua kichwa kwa heshima ile ile. Aliyemgeuzia mzee mgongo ni yule anayeuza neno lake. Kama kuna faini ya kumtazama, nitailipa. Lakini nitamtazama."

Karani akainua kalamu. "Kwa ajili ya kumbukumbu, anayezungumza kwenye diski ni nani?"

Kwa mila ile ile, mkamwana halitaji jina la baba mkwe.

"Yakobo," alisema Neli. "Baba wa Hezroni, na baba wa huyu."

Akabonyeza.

Mzee alisimama kwenye kioo, katikati ya arusi. Sauti yake ilijaza ofisi. "Lile shimo la udongo silo langu. Nililikuta, na nitaliacha. Ni la akina mama wanaofinyanga, wao na binti zao. Asije mtu akaliuza." Kisha akamgeukia kijana mmoja aliyesimama nyuma yake, amevaa koti kubwa, ameshika sahani ya nyama. "Ezekiel, umesikia?"

"Nimesikia, baba," alisema kijana, mdomo umejaa.

Kicheko kilianzia madirishani kikaja hadi mbele. Bwana Lameck hakucheka. Alimgeukia Ezekiel.

"Siku ile ulikuwa Kasumulu?"

Ezekiel akafuta jasho. "Mashine hizi zinaweza kudanganya, mwenyekiti. Pengine hatukusikia vizuri."

Neli akarudisha nyuma kwa rimoti. "Nimesikia, baba," akasema kijana kwenye kioo. Akarudisha tena. "Nimesikia, baba."

"Unataka mara ya nne, shemeji?" aliuliza Neli.

"Imetosha," alisema Ezekiel. Akakaa, akatazama viatu vyake.

Watu wakanyoosha mikono. Shimo haliuzwi. Nakala moja ya diski ikabaki ofisini, ya pili kanisani, ya tatu kwa Neli. Tangu siku hiyo wanawake wengine wanamletea mikanda yao ya arusi na ya misiba, naye anawafundisha. Ila kila mmoja lazima aunganishe nyaya mwenyewe, mikono ikiwa mikavu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Ijumaa ile, karani alikuwa bado anaandika wakati Neli alipochukua jembe lake nje ya mlango.

"Tungoje kwanza saini," alisema mwanamke mmoja.

"Saini zitatukuta shimoni," alisema Neli.

Wakaenda wote kumi na wanane. Yule mnunuzi alikuwa ameshapigilia vigingi vya mninga kuzunguka udongo. Walivingʼoa kimoja baada ya kingine, wakavifunga mzigo, wakavibeba nyumbani. Mninga mkavu unawaka vizuri. Vyungu vya soko la wiki ile vilichomwa kwa vigingi hivyo.